Pateni za bakgraundi kwenye websaiti: kigae cha picha, SVG au CSS tupu?

Hili swali linarudi kila mara websaiti ikiwa imeshakaa sawa, logo ipo, fonti zipo, menyu inafunguka, halafu mteja anaangalia anasema mbona nyuma peupe sana, weka hata kamchoro fulani hivi kasikosumbua macho. Hapo ndo unaanza kuzunguka mtandaoni unakuta pateni za bure maelfu kwa maelfu, nyingine PNG (picha ya pikseli), nyingine SVG (mchoro wa maumbo), nyingine ni mistari ya CSS tu (ile lugha inayopanga mwonekano wa ukurasa) hamna picha yoyote, na kila mtu anasema ya kwake ndo ya kisasa.

Kwa wale wapya: pateni ya namna hii ni kigae kimoja kidogo ambacho brauza inakirudia yenyewe kulia na chini mpaka ukurasa unajaa. Hata huhitaji kuiambia, kurudia ndo tabia yake ya kawaida kwenye CSS, wewe unaiambia pale tu unapotaka isirudie. Na si kitu kipya, brauza ya Netscape 1.1 ilikuwa inafanya hivyo tangu 1995, ndo maana websaiti za miaka ile zilijaa nyota na mawingu nyuma ya maandishi ya kijani.

Mimi naona watu wanakosea kuanza na swali la fomati. Anza na pateni yenyewe, imeundwa na nini? Ni kitu halisi kama mbao au kitambaa, ni mchoro wa mkono kama majani na ndege, au ni jometri tu, mistari na madoa? Ukishajibu hilo nusu ya uamuzi imeisha.

Vigezo nitakavyotumia

*Mshono.* Raha yote iko hapa, jicho lisijue kigae kinaishia wapi. Kuna kasoro mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni mstari unaoonekana kabisa pale vigae vinapokutana. Ya pili hamna mstari wowote, ila kuna kitu kimoja kinajitokeza kuliko vingine, tuseme ua moja jekundu, basi ukisogea nyuma kidogo unaona maua mekundu yamepanga foleni ukurasa mzima. Hii ya pili ndo inawapiga chenga wengi maana ukiangalia kigae kimoja peke yake huioni, lazima ukitandaze angalau tano kwa tano.

*Uzito.* Na hapa kuna uzito wa aina mbili. Kuna bando la mtu linaloliwa faili likishuka, halafu kuna RAM ya simu yake, kwa sababu picha ikishafunguliwa kila pikseli inachukua baiti 4 hata kama faili lilibanwa vipi. Picha moja kubwa ya 1920 kwa 1080 inaweza kushuka ikiwa na KB 150 lakini ikifunguliwa inakalia kama MB 8.3, wakati kigae cha 300 kwa 300 kinakalia KB 360 basi. Hiyo peke yake inatosha kukufanya uachane na bakgraundi za picha nzima nzima kama lengo lilikuwa teksicha tu.

*Ukali kwenye skrini.* Simu nyingi sasa hivi zina pikseli halisi mbili au tatu kwa kila pikseli moja ya CSS, kwa hiyo kitu kinachoonekana safi kwenye laptop ya zamani kinaweza kuonekana kama kina ukungu kwenye simu.

*Kubadilisha rangi.* Mteja atabadilisha rangi. Hata asipobadilisha, kuna hali ya giza (dark mode), pale ukurasa unapogeuka mweusi.

*Kazi ya kukitengeneza*, yaani zana gani na ujuzi gani.

Kuna na kusomeka kwa maandishi, ila hicho sikirudii huko chini maana hakijali umetumia njia gani. Kanuni za WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya websaiti itumike na watu wote, zinataka tofauti ya 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Sasa kwenye pateni upime dhidi ya sehemu mbaya zaidi, doa jeusi kuliko yote chini ya herufi nyeusi, usipime wastani wa rangi. Kama haipiti usianze kuhangaika na pateni, weka maandishi kwenye kadi yenye rangi moja na pateni uiache pembeni na juu. Ukweli ni kwamba aya ndefu haina sababu ya kukaa juu ya pateni hata kidogo.

1. Kigae cha picha (PNG, JPEG, WebP)

Hii ndo njia ya vitu halisi: karatasi, ukuta wa chokaa, mbao, mkeka, kitambaa. Chochote chenye mchangamchanga na vivuli ambavyo huwezi kuvieleza kwa maumbo.

*Mshono:* ndo kazi kubwa ya njia hii. Mbinu ya siku zote ni kusogeza picha nusu ya upana na nusu ya urefu, ile sehemu iliyotoka kulia inaingilia kushoto, ya chini inaingilia juu, kwenye programu za picha za GIMP na Photoshop inaitwa Offset. Ukifanya hivyo zile kingo zote nne zinahamia katikati ya picha na kuwa msalaba, unaona kabisa pabaya ni wapi, unapaziba kwa brashi ya kukopi halafu unasogeza tena kuhakikisha. GIMP ina na filta ya Tile Seamless inayofanya yenyewe, kwa teksicha laini kama karatasi inatoka poa, ila kwa mchoro wenye maumbo inaacha vivulivuli maana inachanganya picha juu ya picha. Anayechora kwa mkono atumie programu ya Krita, unabonyeza W na turubai linajirudia pande zote hapo hapo unapochora, mshono unakuwa umekufa kabla haujazaliwa.

Kitenge kina utaratibu wake na hapa nakaa kidogo kwa sababu maduka mengi ya nguo yanataka hiki. Usianze kuziba kingo kwa brashi, kitenge chenyewe kimeshachapwa kwa kujirudia, wewe kazi yako ni kutafuta kinajirudia wapi. Tandaza kitambaa kiwe kimepigwa pasi, piga picha kutoka juu wima kabisa, kivulini mchana ili mwanga usizidi upande mmoja, nyoosha picha kwenye programu mpaka mistari iwe wima kweli. Chagua nukta moja ndogo isiyo na ubishi, mfano ncha ya jani fulani, itafute ncha ile ile kwenye jani linalofuata kulia, halafu linalofuata chini, katia hapo. Shida inakuja kwenye vitenge ambavyo safu ya pili imesogezwa nusu hatua, ukikata kwa kufuata jani la karibu zaidi chini utakuta umeruka pembeni, kwa hiyo shuka safu mbili mpaka ufike kwenye jani lililo chini yake wima. Kigae kinakuwa kirefu mara mbili ila kinakaa. Na kabla hujatumia, jua kwamba michoro ya vitenge ina wenyewe, kampuni kama Vlisco ya Uholanzi ambayo ipo tangu 1846 inalinda michoro yake, kwa hiyo duka likiuza kitambaa haina maana linamiliki mchoro.

Khanga ndo kabisa usijaribu kuifanya kigae nzima nzima, ina pindo, mji na jina, haikuundwa ijirudie hivyo. Chukua kipande cha pindo tu, kirudie kwa mlalo kwa `repeat-x` juu ya ukurasa au juu ya futa (footer, ile sehemu ya mwisho chini ya ukurasa). Inapendeza kuliko kujaza ukurasa.

*Uzito:* wa kati mpaka mzito, inategemea ulivyokibana. Teksicha yenye rangi chache weka PNG ya paleti, haizidi rangi 256 na mara nyingi hata 16 zinatosha. Picha halisi weka WebP, brauza ya Safari ilishaikubali tangu toleo la 14 mwaka 2020 kwa hiyo ile hofu ya zamani haipo tena. Ukilazimika kutumia JPEG, kumbuka inabana picha kwa vipande vya 8 kwa 8, kwa hiyo kata kigae kwa vipimo vinavyogawanyika kwa 16, tuseme 320 au 400, na usikibane sana, la sivyo ule mshono ulioua kwa brashi unafufuka pale kingo zinapokutana. Na JPEG haina uwazi, chochote kinachohitaji kuona rangi ya nyuma hakiendi huko.

*Ukali:* tengeneza kigae mara mbili ya ukubwa unaotaka, cha 600 kikae kwenye 300 kwa `background-size: 300px`. Zaidi ya hapo unalipia bando kwa kitu ambacho hakuna atakayekigundua.

*Rangi:* hapa ndo inapochosha. Njia nzuri ni kutengeneza kigae cha kijivu chenye uwazi, halafu rangi yenyewe iwe kwenye `background-color`, ukibadilisha mstari mmoja ukurasa wote unageuka. Kwa kitenge chenye rangi tano hiyo haiwezekani, unarudi kwenye programu ya picha.

*Inamfaa:* mpiga picha, duka la nguo, mgahawa, hoteli, mtu ambaye hisia ya kitu halisi ndo biashara yake. Na mtu asiyejua CSS kabisa ila picha anazielewa.

2. Kigae cha SVG

Hii ni ya michoro: majani, samaki, majahazi, nakshi za milango ya Lamu na Unguja ukizichora upya, vialama vya kazi ya mteja. Kila umbo limeandikwa kwa hesabu, si kwa pikseli, ndo inaitwa vekta.

*Mshono:* rahisi kuliko picha lakini una mtego mmoja. Kigae kinakata chochote kinachovuka ukingo, kwa hiyo jani likitokeza kulia kwa pikseli 12 lazima ukopi jani hilo hilo upande wa kushoto likiwa limesogezwa upana kamili wa kigae. Vigae ambavyo hakuna kinachovuka ukingo ni rahisi ila vinaonekana kama stika zilizobandikwa kwenye gridi. Programu ya Inkscape inasaidia sana hapa na ni ya bure, dirisha lake la Tiled Clones lina zile aina 17 zote za ulinganifu wa pateni bapa, zile ambazo Fedorov, mtaalamu wa fuwele wa Urusi, alithibitisha mwaka 1891 kwamba hakuna ya 18. Unachora umbo moja, yenyewe inalipindua, inalizungusha, inalisogeza.

Kuna kale kamstari kembamba ka nywele kanakojitokeza kati ya vigae kwenye baadhi ya simu wakati kwenye kompyuta hakapo. Kanatokea pale uwiano wa pikseli za simu si namba nzima, kuna simu unakuta ni 2.625, kwa hiyo ukingo wa kigae unaangukia katikati ya pikseli na brauza inaulainisha. Dawa yake: ile rangi bapa ya nyuma usiiweke ndani ya SVG, iweke kwenye `background-color` na kigae kiwe wazi, halafu vipimo viwe namba nzima bila asilimia. Kamstari kakitokea kanakuwa na rangi ile ile ya nyuma, hakuna atakayekaona.

*Uzito:* mwepesi sana kwa michoro michache, mara nyingi baiti mia kadhaa mpaka KB chache, na unaweza kuipachika ndani ya CSS yenyewe bila faili la pembeni. Ukifanya hivyo alama ya `#` kwenye rangi lazima iandikwe `%23`, ukisahau pateni haitokei na hutapewa sababu. Ila usidanganyike ukachukua picha ya kitambaa ukaibadilisha kuwa vekta kwa kubonyeza kitufe, inatoka na maelfu ya nukta na inaweza kuwa nzito kuliko PNG. Pitisha kila kitu kwanza kwenye SVGO, zana ya kupunguza faili la SVG.

*Ukali:* hapa haina mpinzani kwa michoro. Hakikisha tu faili lina upana na urefu, SVG yenye `viewBox` peke yake bila vipimo inajitanua kwenye boksi lote badala ya kujirudia, halafu watu wanalaumu brauza.

*Rangi:* nzuri lakini si nzuri kama watu wanavyosema. SVG ikiwa bakgraundi haisomi rangi za ukurasa wako, imejifungia. Kwa pateni ya rangi moja kuna ujanja, itumie kama `mask-image`, yaani mchoro unakuwa kiolezo tu kinachoonyesha rangi ipite wapi, na rangi itoke kwenye CSS, hapo hali ya giza inakuwa mstari mmoja.

*Kazi:* lazima mtu ajue kuchora vekta, au uchukue zilizo tayari. Hero Patterns ya Steve Schoger ni mfano mzuri, unachagua mchoro, unaweka rangi na uwazi, unakopi CSS unabandika, ila soma leseni ya chochote unachochukua. Halafu WordPress kwa kawaida inakataa kupandisha SVG kwa sababu faili hilo linaweza kubeba skripti, wengi wanakwama hapo. Suluhisho ni ile ya kuipachika kwenye sehemu ya CSS ya ziada, huna haja ya plagini.

*Inamfaa:* mwenye chapa yenye michoro yake, shule, taasisi, programu za simu, na dizaina anayejua Inkscape au Illustrator.

3. CSS tupu

Hamna faili. Brauza inachora yenyewe kwa gradienti, yaani rangi inayogeuka kuwa rangi nyingine. Madoa haya hapa yote:

```
.nyuma {
  background-color: #f6efe0;
  background-image: radial-gradient(circle, #c8793a 2px, transparent 2.5px);
  background-size: 22px 22px;
}
```

Ukitaka madoa yapishane kama kwenye gauni, ongeza gradienti ya pili ile ile na uisogeze 11px kulia na 11px chini. Mistari, drafti, mirabaraba, zigizaga, vyote vinawezekana, na Lea Verou, mtaalamu wa CSS, alishakusanya nyingi za namna hii zamani, ukipitia zile utashangaa watu wanachoweza kufanya bila picha.

*Mshono:* kwa madoa na drafti haupo kabisa. Mtego uko kwenye mistari ya mshazari. Mtu anataka mistari ya 10px kwa nyuzi 45, anaweka kigae cha 20 kwa 20, mistari inakatika. Sababu ni kwamba unene unapimwa kwa kukatiza mstari, ila kigae kinahesabu kwa mlalo, na mzunguko wa 20px kwa nyuzi 45 unakuwa 28.28px kwa mlalo. Ama tumia `repeating-linear-gradient` bila kuweka ukubwa wa kigae, ama weka rangi kwa asilimia, 25, 50, 75, hapo zinakutana zenyewe. Na kati ya rangi na rangi acha nusu pikseli ya kuchanganyikana kama nilivyofanya hapo juu kwenye 2px na 2.5px, la sivyo kingo zinakuwa na meno.

*Uzito:* baiti mia moja, mia mbili. Kwa bando hakuna kinachoshindana nayo. Ila ukirundika gradienti saba nane juu ya boksi kubwa na kuliwekea uhuishaji, simu ya bei ya chini inaanza kukwama ukiskroli.

*Ukali:* safi popote.

*Rangi:* bora kuliko zote, unaweka rangi kwenye vigezo vya CSS (variables) na pateni inafuata ukurasa mchana na usiku.

*Kazi:* kwa anayeandika CSS ni dakika chache, kwa asiyeandika ni ukuta. Na ina dari fupi: jometri basi. Kuna watu wanachora mpaka sura za watu kwa gradienti, mimi nawavulia kofia, ila mwenzako atakayekuja kubadilisha hiyo kitu baada yako utamtesa. Brauza siku hizi si tatizo, hata `conic-gradient` inayofanya drafti kwa mstari mmoja Firefox iliikubali toleo la 83 mwaka 2020 na wenzake walishatangulia.

*Inamfaa:* dashibodi, programu za ofisini, blogu, ukurasa wa mtu binafsi, na websaiti yoyote ambayo wasomaji wake wako kwenye mtandao wa kusuasua.

Sasa kwa hali yako

Duka la vitenge, batiki au mikeka: kigae cha picha, ila kiweke kwenye kichwa cha ukurasa na kwenye futa, picha za bidhaa zikae kwenye rangi bapa. Nguo ya maua juu ya bakgraundi ya maua mteja haoni anachonunua.

Shule, taasisi, msikiti au kanisa lenye nembo yake: SVG, chukua umbo moja kutoka kwenye nembo ulitandaze kwa rangi hafifu. Kama wanaoiendesha wako WordPress na hawana dizaina wa kudumu, waachie PNG yenye uwazi, watajua kuibadilisha bila kukupigia.

Programu yenye hali ya giza: CSS tupu, na kama chapa inadai mchoro basi SVG kwa njia ya mask.

Mwaliko wa harusi wa mtandaoni, unaoishi wiki tatu halafu basi: tumia chochote ulicho nacho tayari, wala usijichoshe na hali ya giza. Cheki tu jina la ukumbi na saa vinasomeka kwenye simu juani.

Jarida la barua pepe: Outlook ya Windows ile ya zamani inachora barua kwa injini ya Word, gradienti na SVG huko hazitokei. Weka rangi bapa, ukitaka pambo weka ukanda mmoja wa picha juu.

Umetoa kigae kwenye jenereta ya picha ya AI: baadhi zina hali ya vigae, mfano Midjourney ina `--tile`, ila fungua Offset ucheki kingo na ukitandaze tano kwa tano kutafuta lile ua linalopanga foleni, maana jenereta zinapenda kuweka kitu kimoja kinachong'aa katikati.

Na kama mteja bado hajaamua anataka nini, mtengenezee madoa ya CSS leo, weka na rangi ya nyuma inayofanana na chapa yake, umtumie linki aifungue kwenye simu yake mwenyewe. Akisema anataka kitu chenye majani unajua ni SVG, akisema anataka ionekane kama kitambaa unajua unaenda kupiga picha, na katikati hapo websaiti inaendelea kufanya kazi.